Harufu ya Dume Mgeni

Persis, mjane wa ndugu yangu hapa Nyansiongo, hufuga panya weupe na kuwauza kwa chuo kimoja cha mjini Kisii kwa masomo ya maabara. Ni mchapakazi, sikatai, lakini akikasirika hasikii la mtu.

Mwezi jana aliwapandisha majike ishirini. Siku ya tatu akaleta dume mpya, na kwa sababu ghala lilijaa mahindi, akakiweka kizimba chake juu ya vizimba vya majike. Mkojo ukawadondokea. Siku za kuzaa zikafika, zikapita, hakuzaa hata mmoja.

Anayeyatia mahindi yale dawa ya wadudu ni mimi, kwa hiyo akanijia na mpini wa jembe.

"Gibson, umeniulia panya tumboni!"

Pigo la kwanza lilinipasua kichwa. La pili lilinivunja mkono. La tatu lilipiga matope, maana nilikuwa nimeshaanguka.

Jumatatu akaja Lewis, fundi wa maabara ya chuo. Alikagua vizimba, akauliza dume alifika lini.

"Mama," akasema, "jike mwenye mimba changa akinusa mkojo wa dume asiyemjua, mimba huharibika. Hapa hakuna sumu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na plasta yangu. Persis hakunigeukia. Alimvuta yule dume kwa mkia, akampigiza ukutani, tena na tena, mpaka damu ikarukia leso yake.

Lewis aliutazama mkono wangu, kisha ule mzoga.

"Huyo naye hakuwa na kosa, mama."