Kipande cha Kombora Ndani ya Kuskusi ya Zohra

Zohra binti Makhlouf Azulai, mjane wa Nissim fundi viatu, aliingia Sderot, mji wa Israeli jirani na Gaza, ukiwa bado vibanda vya mabati. Mama yake alisugua kuskusi, chembe za ngano za kupikwa kwa mvuke, kwa mkono kule milima ya Moroko. Bibi yake vilevile, hata siku ya kujifungua. Zohra mwenyewe hajakosa kuskusi mezani Ijumaa hata moja, vita au amani. Wala hakumruhusu mtu kugusa sinia lake, sembuse Sigal, mke wa mwanawe, anayenunua ya pakiti.

Ijumaa hiyo wazazi wa mchumba wa mjukuu wake walikuwa wanakuja kula. Kuskusi ikifuka jikoni, king'ora kikalia. Zohra na Sigal wakakimbilia chumba cha zege cha kujikinga na makombora, wakabanana baina ya friza, baiskeli ya mazoezi na mitungi ya ndimu za chumvi. Puu! Nyumba ikatikisika.

Redio ikasema, "Kombora limetunguliwa. Hakuna madhara."

Wakatoka. Dari ina tundu, na chuma cheusi kimejikalia ndani ya kuskusi kama mgeni wa heshima.

Mtegua mabomu akaja, akafunga mlango wa jiko kwa utepe.

"Bibi, hakuna kuingia."

"Limetunguliwa, halikutunguliwa?"

"Limetunguliwa. Mitambo imefaulu kabisa."

"Aliyetunguliwa si maiti? Maiti gani huyo ananizuia jikoni kwangu?"

"Ni kipande tu, bibi. Huenda kina baruti."

"Basi hamkufaulu."

"Lingeshuka zima, saa hizi ningekuwa nagombana na nani?"

Zohra akasema, "Haya, mmefaulu. Sasa kufaulu kwenu kutoeni sufuriani, jua linashuka!"

Kikatolewa. Kuskusi ikatupwa, imejaa saruji na vioo. Jua likizama Sabato imeingia, na moto haukokwi tena. Zohra akamwaga chenga nyingine za ngano siniani, akanyunyiza maji, akaanza kusugua. Vidole vikakataa. Vilitetemeka hata maji yakamwagika, chenga zikawa madonge. Akaficha mikono nyuma, lakini Sigal alikwisha kuona.

"Mama, ninayo pakiti..."

"Nyamaza na pakiti yako!"

Akatazama jua dirishani. Kisha akamsukumia sinia.

"Vua pete. Kiganja wazi, usifinye. Zungusha polepole. Kuanzia leo Ijumaa ni zako."

"Nikikosea je, Mama?"

"Utaila hivyo hivyo, mbele ya wakwe. Sugua!"