Tundu la Waridi

Fundi wa kuhamisha kanda za kaseti kwenye kompyuta hachomeki waya kabla ya kupuliza tundu na kulipapasa kwa kidole, kama mzazi anayekagua sikio la mtoto. "Tundu la buluu ni la redio. La waridi ni la maiki, redio ukiichomeka humo sauti inapasuka," huwaambia wateja, nao humtania kwamba anawahubiria.

Leo mama mmoja ameleta sauti ya marehemu bintiye, ambayo mama huyo aliihamisha mwenyewe nyumbani kabla redio haijaila kanda. Inapasuka tangu neno la kwanza.

"Ulichomeka wapi, dada?"

"La waridi. Kwani nimeiharibu mimi, fundi?"

Fundi anavua miwani, anaifuta polepole.

"Hapana. Kanda ilikuwa imechoka. Hata mimi ningepata hivi hivi."