Ndugu wa Fundi Viatu

Fundi viatu wa mtaa wetu hapa Same alifariki wiki iliyopita, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Majirani tulikwenda mochwari kumchukua tukamzike. Mhudumu akauliza, “Ndugu wa marehemu ni yupi?”

Tukatazamana. Mama muuza makande akakaza kanga yake kiunoni, akasogea mbele.

“Ni mimi.”

“Ndugu yako kivipi, mama?”

“Alikula kwangu kila jioni. Akichelewa, namfunikia chakula chake.”

Mhudumu akafungua mlango.

Mama yule alitupandisha milimani, kwenye makaburi ya ukoo wa mumewe. Nilidhani wazee watahoji kabila la marehemu. Waliuliza tu alikuwa mrefu kiasi gani, wakashika majembe.