Kunde za Mama na Tangi la Kanisa

Mama aliondoka kwenda Kitui kumwona dada yake, akiwa amenikasirikia. Maji ya tangi la kanisa yalikuwa yamefurika tena na kuteremka hadi kwenye shamba lake la kunde, pale Matiliku, na aliyeunda kidude cha kuiendesha pampu ya tangi hilo nilikuwa mimi, binti yake. Alisema kama hiyo ndiyo elimu aliyouzia mbuzi, afadhali angewala hao mbuzi. Mama alikuwa hajibiwi akiwa amebeba mzigo kichwani.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nikifundisha umeme katika chuo cha ufundi huko Nunguni. Mwalimu mmoja wa kujitolea, alipomaliza muda wake, alituachia kompyuta kuukuu na chipu ndogo iliyoelewa lugha ya kompyuta iitwayo BASIC. Kanisa letu lilikuwa limepata pampu ya sola, na wazee wa kanisa wakaniomba nitafute njia ya kuifanya ijizime tangi likijaa. Nilikubali haraka kuliko ilivyofaa. Nilitaka waone kwamba msichana aliyekataa kusomea ukatibu hakupotea.

Kwenye meza yangu kule chuoni, programu ilifanya kazi vizuri. Kwenye tangi ilikataa. Pampu iliwaka jua lilipochomoza na haikuzima mpaka jua lilipozama, tangi likitapika maji mchana kutwa. Kila Jumamosi niliteremka nyumbani, nikapanda ngazi, nikakagua nyaya, nikashuka bila kupata kitu. Nyaya hazikuwa na neno.

Kisha habari zikaja kwamba Mama ameugua huko huko Kitui na amelazwa. Niliomba ruhusa chuoni, nikabeba kompyuta, nikarudi nyumbani kuangalia ng'ombe na shamba, maana mtu mmoja ilibidi abaki. Ndugu yangu mdogo, ambaye tayari alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyekuwa akienda na kurudi. Alipitia Wote na Machakos, akalala Kitui siku mbili tatu, akarudi na maagizo. Mama mgonjwa alikuwa na maagizo mengi kuliko Mama mzima. Ng'ombe mweusi asichanganywe na wa jirani. Mbegu za mtama zisiguswe. Na kila mara aliuliza swali lile lile: je, kile kidude cha dada yako kimejifunza kuzima maji, au bado kinaozesha kunde zangu? Ndugu yangu alipeleka jibu langu, na jibu langu lilikuwa bado.

Ikaja safari ya mwisho. Alisema tu kwamba hakupenda jinsi Mama alivyokuwa akipumua. Nilimfungia chapati, nikarudi ndani. Sikulia wala sikuomba. Nilikuwa nimekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi anaweza kufanya kazi nyingi sana. Kompyuta niliiweka kwenye ofisi ya kanisa, penye umeme wa sola, nikaanza kuisoma programu yangu mstari kwa mstari kama iliyoandikwa na mtu mwingine.

Katika BASIC ya chipu ile, ukitaka kazi fulani ifanywe kando, unaandika GOSUB. Programu inaruka mpaka kwenye kile kifungu, inafanya kazi, inakutana na neno RETURN, inarudi pale ilipotoka. Lakini RETURN ile inairudisha programu tu, hairudishi jibu. Jibu unaliweka mwenyewe katika kisanduku cha kumbukumbu, na programu ikisharudi inakwenda kulichukua humo. Visanduku vyenyewe ni vichache, na kila kifungu kinaweza kutia mkono ndani yake. Hakuna kufuli.

Kifungu changu cha kwanza kilipima maji na kuweka jibu sahihi kisandukuni. Kifungu cha pili kilikuwa cha kungoja kidogo, ili pampu isiwashwe na kuzimwa ovyo. Kilingoja kwa kuhesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, na mimi, kwa ubahili wa visanduku, nilikipa kisanduku kile kile. Basi jibu lilifika, likafutwa, na kila mara programu ilikuta sifuri, ikaamini tangi ni tupu. Kule chuoni sikuliona hilo kwa sababu nilikiondoa kifungu cha kungoja. Sikuwa na subira ya kungoja mezani.

Nilikipa kifungu cha pili kisanduku chake. Kesho yake, jua likiwa utosini, pampu ilinyamaza yenyewe. Mwanamke aliyekuwa akiteka maji aliniuliza kama imeharibika, nikamwambia hapana, imepona. Nilijua napaswa kufurahi. Nilisimama pale, nikatazama bomba la kufurikia likidondosha matone, likakauka. Sikuhisi kitu.

Ndugu yangu aliingia jioni, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Kwetu mtu wa safari haulizwi habari kabla hajala, na Mama ndiye aliyetushikilia desturi hiyo kwa ukali zaidi. Nikampa maji ya kunawa, nikampakulia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, nikaketi mbele yake. Alikula polepole, akitafuna mahindi punje kwa punje. Alipomaliza aliomba aongezwe. Hakuwa mtu wa kuongezwa. Nikampakulia, naye akala tena, macho kwenye sahani, na mimi nikajua. Sikumharakisha. Nilitaka ale mpaka asubuhi.

Hatimaye aliweka kijiko chini.

"Sista," alisema, "mama ametuacha. Jana asubuhi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikauliza nani yuko na mwili, akasema mama mdogo. Nikauliza kama Mama alikuwa na maumivu, akasema si sana. Tukazungumzia gari la kumleta nyumbani na nani aende kumwambia mchungaji. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayepanga mkutano wa wazazi. Nilikusanya vyombo.

Nilipokuwa mlangoni na sahani mkononi, alisema Mama aliuliza tena juzi, hata baada ya kukatazwa kuongea. Kama maji bado yanaingia kwenye kunde.

"Hayaingii," nikasema. "Pampu imejizima yenyewe leo mchana."

"Sawa," alisema ndugu yangu, akijifuta mdomo. "Nitamwambia."