Nyama ya Mtani

Iko asubuhi moja ya zamani ambayo haijanitoka, mwanangu. Ni asubuhi niliyonyang'anywa nyama mbele ya watu, pale Manundu, nyuma ya stendi ya mabasi ya Korogwe, nikainuka nimekunja ngumi. Nilikuwa kijana, mgeni wa mji, na hasira zangu zilikuwa karibu. Kaa vizuri nikueleze, maana wewe nawe unahamia mji usioujua, na jana nimekuona unaangalia kwenye simu wapi wanauza chipsi nzuri huko uendako.

Nilitoka kwetu Sindeni, Handeni, nikaja Korogwe kushona nguo kwenye baraza la duka la mtu niliyetafutiwa na mjomba. Jioni kazi ilikwisha, Jumapili duka lilifungwa, na chumba changu kilikuwa kidogo chenye joto la kukufukuza. Basi nikawa natembea. Nilitoka Manundu nikafuata reli, nikazunguka Mtonga, nikatokea Kilole, siku nyingine nikafika mpaka mtoni nikageuza. Kilole alikuwapo mama mmoja wa Kishambaa aliyepika makande laini, hata asiye na meno angeyala. Mtonga kulikuwa na kilabu cha pombe ya miwa, redio yao imepasuka spika lakini inaimba hivyo hivyo. Mimi mtoto wa Kiislamu nilisimama ng'ambo ya barabara nikasikiliza wimbo mmoja, nikaenda zangu. Kwenye hoteli za barabara kuu, zile ambako abiria wa mabasi hushuka wakala mbio mbio, nilipenda kukaa kwa muda, kwa sababu pale kila mtu alikuwa mgeni kama mimi.

Baada ya miezi michache ungeniuliza nani anakaanga samaki vizuri na nani anazidisha chumvi, ningekujibu bila kufikiri. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyejua jina langu. Nilisema, "Nipe wali maharage," wakasema, "Haya," mazungumzo yakaishia hapo. Kuna Jumapili nilirudi chumbani jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesema neno jingine zaidi ya hayo. Nililia, mwanangu. Sioni haya kukwambia.

Sasa hiyo asubuhi. Nilikwenda kunywa supu kwenye kibanda ambacho sikuwahi kuingia. Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, kofia imeinamia sikio moja, upawa mkononi. Akanijazia bakuli, akaniangalia.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Handeni."

"Handeni wako wengi. Kabila gani?"

"Mzigua."

Akaingiza vidole kwenye bakuli langu, akatoa ile nyama kubwa, akaitia kinywani mwake. "Mzigua ameanza kula nyama lini?" akasema huku anatafuna. Kibanda kizima kikacheka.

Nikasimama. Nakwambia kweli, ningempiga. Mzee mmoja aliyekaa karibu akanishika shati. "Kaa chini, kijana. Huyo ni Mnyamwezi. Mtani wako huyo. Kwenu hukuambiwa?"

Niliambiwa. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwamba mtani akikutukana hukasiriki, akichukua kitu chako humdai, na siku ya kufiwa yeye ndiye wa kwanza kuingia jikoni kwako. Lakini kijijini kwetu Wanyamwezi hawakuwapo, kwa hiyo niliyasikia kama mambo ya watu wa kale. Nikavuta pumzi. Nikamvua yule kijana kofia, nikaivaa mimi. "Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani," nikamwambia, "akaomba maji, tukampa. Leo mjukuu wake ananiibia nyama. Mla michembe mkubwa wewe, kwenu hakuna ila viazi vilivyokaushwa!"

Yule kijana akacheka mpaka akaweka upawa chini. Kisha akanitilia nyama mbili, na kofia yake hakuidai mpaka nilipomaliza kula. Jina lake lilikuwa Mihambo. Baba yake aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akafia huku huku, akamwacha Mihambo na mama yake, Mama Nyamizi, kwenye nyumba ndogo Kwamndolwa yenye shamba la mahindi nyuma. Nyamizi lilikuwa jina la mama mwenyewe; mtoto alikuwa naye mmoja tu, Mihambo.

Tangu siku hiyo mji ulifunguka. Njia zilikuwa zile zile nilizozipita peke yangu, lakini sasa tulizipita wawili, jioni baada ya supu kwisha na cherehani kufunikwa. Kila tulipoingia Mihambo alitangulia na kelele: "Nimewaletea mtumwa wangu kutoka Handeni, msimpe nyama, hajazoea!" Nami nikajibu nilivyojaliwa. Yule mama wa makande, ambaye kwa miezi alinipa sahani bila kuniangalia, akaniuliza mama yangu anaitwa nani na kama yu mzima. Hata kwenye kilabu cha Mtonga niliingia, nikakaa na soda yangu, yeye na kopo lake la pombe. Akawaambia wenzake kwamba nimekatazwa na daktari kwa sababu Wazigua wana vichwa vyepesi. Jamani, kijana yule alikuwa na mdomo! Siku nisipoonekana, watu walimwuliza, "Mtani wako yuko wapi?" Nilipolisikia swali hilo mara ya kwanza, nilijua kwamba sasa naishi Korogwe.

Jumapili nyingine tulikwenda kwao Kwamndolwa. Nilimwamkia Mama Nyamizi kwa heshima zote, naye akaitikia, "Marahaba," kisha akaninyofolea nyama sahanini, akaila, akacheka. Kumbe mwanawe alirithi.

Siku moja tunatoka huko, Mihambo akaniambia, kwa ule ule utani wake, "Mzigua, nikifa wewe ndiye utakayenizika kwa kelele. Ole wako ulie. Ukilia nitafufuka nikuzabe kofi."

Nikamjibu, "Nilie kwa ajili yako? Nitaingia kaburini kwako nilale humo, na sitoki mpaka nirudishiwe nyama yangu."

Tulicheka njia nzima mpaka Manundu. Ujana ndivyo ulivyo, mnayataja mauti kama mnataja safari ya Tanga.

Alianza na homa wakati wa masika. Akainywea dawa za dukani, akaendelea kuuza supu huku anatetemeka, ananiambia ni baridi tu ya asubuhi. Alipokubali kwenda hospitali tayari hakuweza kutembea. Nilimtembelea, akanitazama, akajaribu kusema neno la utani, midomo ikamshinda. Kesho yake asubuhi nikiwa kwenye cherehani, mzee yule wa kibandani, aliyenishika shati siku ile, akaja mpaka barazani akasimama mbele yangu bila salamu. Niliondoa mguu kwenye kikanyagio, nikainuka.

Nilikwenda Kwamndolwa kwa miguu. Ningeweza kupata mtu wa kunibeba kwa baiskeli, ila nilitaka kutembea. Nikapita kibanda chake, kimefungwa. Kila mlango niliopita tuliwahi kuingia pamoja. Mtu mmoja ambaye hakuwa na habari aliniita kutoka hotelini, "Mtani wako yuko wapi?" Nikaongeza mwendo.

Msibani nilikuta watu wamejaa uani. Nikajipenyeza mpaka pembeni, nikakaa chini kwenye vumbi, nikafunika uso kwa mikono, nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto. Sikuona vibaya; nilifiwa, na mtu aliyefiwa hulia. Nilidhani hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nayo ya kumpa.

Nikasikia watu wanaambiana wapishe. Nikainua kichwa. Mama Nyamizi alikuwa ametoka ndani, anashikiliwa huku na huku na wanawake wawili, kanga imelegea, macho yamevimba. Akaja mpaka nilipokaa.

"Mtani," akasema, "umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kulia, mama."

"Wa kulia wamejaa humo ndani, hata pa kukanyaga hapana." Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini alisema wazi kila mtu asikie. "Mwanangu alikuwa na mtani mmoja mji huu mzima. Mmoja. Ukilia wewe, nani atanichekesha mimi? Nani atanitukana nile? Tangu jana sijatia kitu kinywani, ndugu wananibembeleza nawakatalia. Hiyo si kazi yao. Ni yako. Nenda kanawe uso."

Akageuka akarudishwa ndani.

Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini karipio lile liliniingia mpaka kwenye mifupa. Nilikwenda kwenye pipa la maji nikanawa. Nikakaa nimeinama pale kwa muda, mikono ndani ya maji, najiambia siwezi. Halafu nikaona kofia ya Mihambo imetundikwa kwenye msumari pale ukutani, mahali alipozoea kuitundika. Nikaivaa, nikaiinamishia sikio moja.

Niliingia jikoni nikachota uji, nikapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wake, mabega nyuma, huku napaza sauti: "Nipisheni! Nani ameshika njia? Mzigua ameanza kunywa uji lini?" Watu waliniangalia kama mwendawazimu. Nikaendelea. Uji ukamwagika. Nikafika mpaka kwenye mkeka wa Mama Nyamizi, nikachuchumaa. "Wewe mla michembe," nikamwambia, "mumeo alikuja huku hana hata kiatu, tukamlisha mahindi yetu. Leo unayaringia mahindi hayo hayo? Kunywa, au nirudi nayo Handeni nikawape mbuzi, wao wana shukrani."

Akanitazama. Akaitazama ile kofia. Kicheko kikamtoka kwa nguvu kikakatika, kikatoka tena, machozi yanatiririka humo humo. Akapokea kikombe, akanywa. Akanywa mpaka akamaliza, na wanawake waliomzunguka wakaanza kucheka na kulia naye.

Tulipofika makaburini, kaburi likiwa tayari na jeneza limewekwa kando, niliruka ndani nikalala chali. Katekista alifunga kitabu chake akangoja. Naye ni mtu wa huku huku, alijua mambo ya utani. Udongo ulikuwa na maji maji ya masika na baridi yake ikanipenya shati. Juu niliona nyuso zimeinama pande zote, na kipande cha mbingu katikati. Nilijua kwamba nikishanyanyuka pale, atakayelala ni yeye, na hatanyanyuka. Nikakusanya nguvu zote nilizokuwa nazo, nikapiga kelele, "Sitoki! Mihambo alininyang'anya nyama yangu mbele ya watu. Nipeni nyama yangu!"

Watu wakacheka. Nikamsikia Mama Nyamizi akisema, "Mpeni mtani haki yake." Mtu akatumwa nyumbani, akarudi na bakuli lenye kipande cha nyama, likateremshwa mkono kwa mkono mpaka likanifikia mle chini. Nikaitia kinywani. Haikumezeka. Nikageukia ukuta wa kaburi, uso wangu umegusa udongo, nikatafuna huku nalia, wao juu wanadhani naendelea na maskhara na wanazidi kucheka. Niliimeza yote. Kisha nikanyoosha mkono, wakanivuta juu, tukamshusha rafiki yangu mahali pale pale nilipokuwa nimelala.

Tangu hapo Mama Nyamizi alikuwa mtani wangu mpaka naye alipoondoka, miaka mingi baadaye. Kila Jumapili nilikwenda Kwamndolwa, na kila Jumapili alininyofolea nyama. Alipokufa sikuhitaji kuambiwa na mtu nikanawe uso.

Ninalotaka kukwambia ni hili, mwanangu. Utembee. Mji hauonekani vizuri ukiwa kwenye gari, na wala kwenye hiyo simu yako. Ukaijue migahawa yao, ukasikilize muziki wao hata ukiwa ng'ambo ya barabara, ukale wanachokula. Ila usiridhike na kujua wapi pana chakula kitamu. Mimi nilijua vyote hivyo na nililala nalia. Tafuta mahali ambapo usipoonekana siku mbili, mtu atauliza. Na mtu wa pale akikuchokoza, kaa chini kwanza, huenda anakufungulia mlango.

Halafu siku yakiwafika watu hao mazito, usikimbilie kufanya lile linalokupa nafuu wewe. Mimi kulia kulinifaa mimi. Mama wa watu alikuwa hajala. Jiulize ni lipi ambalo katika uwanja ule mzima ni wewe tu unayeweza kulifanya, ulifanye hata kama sauti inatetemeka. Machozi yatakusubiri, hayana haraka. Yangu yananisubiri mpaka leo, kama unavyoniona.

Na kwa kuwa tumeyataja hayo, nami nina ombi. Watani wangu wa Korogwe wamebaki wachache, na vijana wao hawajui tena habari hizi. Siku yangu ikifika, mtafuteni Mnyamwezi mmoja, hata akiwa kijana wa bodaboda asiyenijua. Akija akaruka kaburini mwangu akadai vitu, msimkemee, wala msiseme hana adabu. Mpeni nyama, kipande kikubwa, na mngoje amalize kutafuna.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuongoze hatua zako katika mitaa ya watu, akukutanishe na mwenye mkono mrefu wa kuingia sahanini kwako, na akujalie uso mkavu siku atakayokuhitaji ucheke. Amina.