Karatasi Iliyokuwa Ndani ya Boksi

Jumanne, kwenye duka la dawa hapa Busia, mama mmoja alipiga kaunta kwa kiganja hadi foleni yote ikageuka.

"Daktari, huyu ni mimi! Nimeandikwa humu!"

Alishika ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Mwaka mzima mtu wa bodaboda amekuwa akimletea sindano zake za maumivu ya viungo kutoka Uganda ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na ili sindano zitoshee, boksi hutupwa hukohuko. Safari hii mama alivuka mpaka mwenyewe, akarudi na boksi zima.

"Soma hapa! Mguu kufa ganzi, jicho kuona ukungu. Na nyumbani wanasema nimelogwa!"

Mwenye duka, ambaye sote humwita daktari, alisoma, kidole kikifuata mstari. "Mama, hawasemi dawa hii lazima ilete multiple sclerosis, ule ugonjwa wa neva. Wanasema wachache sana walipata dalili hizo wakiitumia. Kama ni dawa, ama ni ugonjwa uliokuwa umejificha, mimi siwezi kujua. Usidunge nyingine kabla hujaongea na daktari wako. Nenda leo."

"Naenda saa hii!" Akatoka akichechemea, karatasi ameiinua juu.

Mzee mmoja aliyefuata dawa ya presha akasogea. "Boss, na karatasi yangu iko wapi?" Foleni nzima ikaanza kudai karatasi.

Mimi, nikiwa nyuma kwenye foleni, sikudai. Yangu nilijua iko wapi: niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza ninayoandikia safu hii ya gazeti. Nimeichomoa. Meza inayumba, nami bado nasoma.