Pazia la Jirani wa Mkabala

Jirani wa mkabala alikuwa na mikono mikavu kama maganda ya muwa. Kila siku saa nane, jua lilipogeukia dirisha lake, mikono hiyo ilishusha pazia la mianzi na kulimwagia kata mbili za maji ili nyumba ipoe. Jioni akilipandisha alimpigia kelele mzee mwenzake, Pak Kasmuri, ng'ambo ya kichochoro: "We mzee, hujafa tu?" Naye alimjibu, "Nakusubiri utangulie!" Ndivyo wazee wa Semarang, mji wa Indonesia, walivyojuliana hali, kabla watoto hawajaanza kuwaletea vifaa vya umeme badala ya kuja wenyewe.

Mwana wa jirani huyo, aliyeishi Jakarta, akamfungia pazia la umeme, linalohisi jua na kujiendesha. Juzi lilishuka saa nane, likapanda jioni. Jana vilevile. Pak Kasmuri alililaani kwa kumnyima matusi ya jioni, lakini kila lilipopanda alijisemea, mzima yule. Leo ndipo alipoliona fungu la mchicha ambalo muuza mboga alilitundika getini kwa jirani juzi. Lilikuwa limenyauka, halijaguswa. Akavuka mbio, akausukuma mlango. Jirani alikuwa sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa kiu, macho wazi.

"Siku mbili," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Siku mbili, mzee, ulikuwa unalitazama pazia?"

Pak Kasmuri akachota maji kwa kata. Jua likagusa kioo, na pazia likaanza kushuka lenyewe, taratibu, bila kukosea hata dakika.